Baruti haikuanzia kwenye fataki

Hii stori tumeisikia tangu shule, kwamba Wachina waligundua baruti wakaishia kupiga fataki tu, eti vita wakaja kufundishwa na Wazungu. Sio kweli jamani, na ukweli wenyewe ni mtamu zaidi.

Angalia jina lenyewe kwanza. Kichina baruti inaitwa huoyao, huo ni moto, yao ni dawa, yaani dawa ya moto. Dawa kwa sababu waliokuwa wanachanganya hivi vitu walikuwa wafuasi wa Dao, dini na falsafa ya kale ya China, watu waliokuwa wanatafuta dawa ya kuishi milele, wakipika madini huku wakifikiria yin na yang, yaani nguvu mbili zinazopingana na kukamilishana, shura (ile chumvi ya kutengenezea baruti) wakaihesabu yin na salfa yang. Kuna andiko lao la zamani linaonya kabisa kwamba wapo waliochanganya salfa, shura na asali, moto ukalipuka ukawaunguza mikono na nyuso, na nyumba nayo ikateketea. Kikemia iko wazi, shura ikipata joto inatoa oksijeni yake yenyewe kwahiyo mchanganyiko hausubiri hewa ya nje, asali inashika nafasi ya makaa, ambayo ndiyo kiungo cha tatu cha baruti, kile kinachoungua.

Sasa hiyo ya fataki tu. Mwaka 1044 kitabu cha jeshi cha utawala wa Song huko China, Wujing Zongyao, tayari kina vipimo vya baruti za silaha, na 1132 pale De'an walinzi wa mji walitumia mikuki ya moto, yaani mikuki yenye bomba la baruti linalotema moto, kuwarudisha nyuma waliowazingira. Ulaya baruti inaanza kutajwa kwenye maandishi karne ya 13.