Kusimulia kiwewe si kutonesha kidonda

Aliyenusurika vita au ubakaji huambiwa: "Yaache, yatakwisha." Ndugu humkataza kuyataja wakiamini wanamlinda. Nia yao ni njema, lakini utafiti unaonyesha vingine.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo kutoka makazi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wakimbizi 43 kutoka Sudan wenye maradhi ya kiwewe, yaani hofu na kumbukumbu za tukio zisizoisha, waligawanywa makundi matatu: wengine walisimulia maisha yao katika vikao vinne, wengine wakapewa ushauri nasaha wa kawaida, na wengine elimu tu kuhusu kiwewe. Mwaka mmoja baadaye, kundi la masimulizi lilibaki na wagonjwa asilimia 29. Makundi mengine mawili, karibu 80.

Kusimulia huku si kupiga soga. Mara nyingi kamba hutandazwa sakafuni kama mstari wa maisha: mawe penye mabaya, maua penye mema. Kisha mtaalamu huuliza taratibu: ulikuwa wapi, ulisikia nini, na sasa hivi mwili unahisi nini? Tukio hupata tarehe na mahali pake, likaacha kumvamia kana kwamba linatokea leo.

Ila kumlazimisha mtu asimulie mara tu baada ya tukio hakumkingi na kiwewe. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo. Siku za mwanzo akitaka kunyamaza, aachwe. Jinamizi na kushtukashtuka vikipita mwezi, apelekwe kwa mtaalamu.