Kiasi salama cha kuvuta maji ya ardhini: salama kwa nani?

Kila panapozuka ugomvi wa visima hakosekani mtu, mara nyingi mwenye pampu kubwa, wa kusema: "Sisi tunavuta kile tu kinachorudishwa na mvua. Tuko ndani ya kiasi salama." Kikao kinanyamaza, maana maneno yana sauti ya kitaalamu. Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi mno, kwa wenye mashamba, wenye hoteli na hata maofisa wa maji. Ina kosa, na wanaolilipia kosa hilo ni wale wasio na pampu.

Maana yenyewe ni fupi. Kiasi salama ni kiwango cha maji kinachoweza kuvutwa kutoka ardhini kwa muda mrefu bila kuleta madhara yasiyokubalika. Uzito wote uko kwenye hayo madhara yasiyokubalika, na ndipo hasa watu wanaporuka.

Istilahi hii ilianzia Marekani. Mwaka 1915 mhandisi Charles Lee, aliyechunguza maji ya mabonde ya California, aliieleza kuwa ni kiasi kinachoweza kuchotwa daima bila kupunguza akiba kwa kiwango cha hatari. Lilikuwa swali la mtu anayetafutia mji maji: akiba hii itanitosha? Jirani mwenye kisima kifupi hakuwemo kwenye swali. Miaka 25 baadaye, mwaka 1940, mtaalamu mwingine wa huko, Charles Theis, aliandika jambo ambalo lingepaswa kuimaliza hoja ya "kile kinachorudishwa na mvua". Kabla hakijachimbwa kisima hata kimoja, alisema, maji yanayoingia kwenye mwamba unaohifadhi maji na yanayotoka yanalingana, ukipima kwa miaka mingi. Pampu inafungua njia mpya ya kutokea. Kwa hiyo kila lita inayovutwa lazima ifidiwe: ama akiba ipungue, ama maji yaliyokuwa yakitokea kwingine yapungue, ama maji mengi zaidi kuliko zamani yaingie ardhini.

Basi jiulize yalikuwa yakitokea wapi. Yalitoka kwenye chemchemi, kwenye mto unaoendelea kutiririka kiangazi, kwenye kinamasi cha kulishia mifugo, kwenye mizizi ya migunga, na pwani yalikuwa yakiishia baharini. Hayo "yanayorudishwa na mvua" tayari yana wenyewe. Ukiyavuta yote, hukuvuta ziada isiyo na mwenyewe. Umechukua chemchemi ya mmoja na mto wa mwingine, hata kama akiba chini haijapungua. Ndiyo maana mahesabu yanaweza kulingana vizuri kabisa kwenye karatasi huku kijiji cha bondeni kikihama.

Tazama kinachotokea kisima kirefu kinapochimbwa karibu na kisima kifupi. Pampu ya kuzamisha ikiwaka, usawa wa maji kukizunguka kisima unashuka kwa umbo la faneli, na upana wa faneli hiyo unategemea mwamba na saa za kuvuta. Jirani mwenye kisima cha ringi, kile kifupi cha kuchimbwa kwa mkono, anaanza kuunga kamba. Kisha ndoo inapanda nusu, kisha inapanda na tope, kisha anasubiri maji yajikusanye mpaka usiku. Akiita mafundi wachimbe zaidi wanafika kwenye mwamba mgumu, na jembe linagoma. Mwenye pampu naye, usawa ukimshukia, anaongeza bomba na kuizamisha pampu chini zaidi. Maji yameshuka kwa wote wawili. Mmoja amelipa kwa umeme, mwingine amelipa kwa kukosa maji.

Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, inaonyesha upande mwingine wa kosa hili. Visima vya huko, eneo la Mzakwe, vimeulisha mji wa Dodoma kwa miongo mingi, na kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu hizo za miaka 55, zilizochapishwa mwaka 2013, zinaonyesha kwamba mvua ya kawaida ya Dodoma hairudishi karibu chochote. Maji yanashuka miaka kadhaa mfululizo, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Nino ya 1997/98, na usawa unapanda kwa kishindo. Hapo wastani wa mwaka una maana gani? Mkulima wa zabibu, mfugaji na mji mkuu unaokua kwa kasi hawaishi kwenye wastani. Wanaishi ndani ya ile miaka ya kushuka, na ni katika miaka hiyo ndipo inapaswa kujulikana mapema nani atapunguza kwanza.

Pwani ni kali zaidi. Kwenye mchanga na miamba ya matumbawe, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni ya jumla inasema kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba chini yake kama mita 40 nyingine. Geuza hesabu hiyo: shusha usawa kwa mita moja tu, na baada ya muda chumvi inaweza kupanda kama mita 40. Hoteli inaweza kuvuta pungufu ya kile mvua inachorudisha na bado ikaharibu visima vya kijiji kizima.

Sheria ya Tanzania Bara haikuliacha jambo hili wazi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kuwa na kisima hakukupi umiliki wa maji. Unachopewa na bodi ya maji ya bonde ni kibali cha kutumia. Mpangilio wa vipaumbele unatanguliza mahitaji ya nyumbani, kisha maji ya kubakia kwa mazingira, na shughuli za uchumi zinafuata. Kwa hiyo yanayovumilika na yasiyovumilika hayaamuliwi na mwenye pampu peke yake, wala na mtaalamu wa miamba peke yake. Mtaalamu anaweza kusema ukivuta kiasi fulani usawa utashuka mita ngapi na wapi. Nani avumilie kushuka huko ni mazungumzo ya watumiaji wote, na jumuiya za watumia maji ziliundwa kwa ajili hiyo.

Ndugu yangu unayeandika taarifa ya kisima kipya, usiishie kwenye "kiasi salama". Andika hivi: "Kwa kuvuta kiasi hiki, tunatarajia maji yashuke mita kadhaa kwenye visima hivi, na chemchemi hii ipungue kiangazi. Wanaovitegemea ni hawa, tumezungumza nao, na tumekubaliana kwamba mwaka wa ukame pampu hii itakuwa ya kwanza kupunguziwa saa."