Jotoardhi la nyumbani si lile la Menengai

Litaje jotoardhi mbele ya mkazi wa Nakuru, na macho yake yataelekea Menengai, volkano iliyo juu ya mji, kabla hujamaliza sentensi. Humlaumu. Ni huko juu ambako GDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, ilianza kutoboa ardhi mwaka 2011, na kisima cha mvuke kikifunguliwa kwa majaribio, mlio wake hausahauliki upesi. Basi jamaa yake aliye Uswidi akimwambia kwenye simu kwamba nyumba anayoishi inapashwa moto kwa jotoardhi, atadhani kuna mvuke unafuka nyuma ya nyumba. Haupo. Kuna shimo lenye upana wa kisahani cha chai, na kinachopanda humo ni baridi kama soda ya friji.

Neno ni moja lakini mambo ni mawili, na ndiyo sababu mazungumzo ya jotoardhi huwapotosha wengi.

La kwanza tunalijua. Katika Bonde la Ufa mwamba ulioyeyuka uko karibu na uso wa ardhi kuliko mahali pengi duniani. Visima vya Olkaria, karibu na Naivasha, na vya Menengai hushuka kilomita mbili hadi tatu, na kule chini joto hupita nyuzi 300. Mvuke wake huzungusha mitambo ya stima. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981. Moto huo hutumika pia wenyewe, bila kupitia kwenye nyaya: shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilianza kupasha vivungulio kwa njia hii mwaka 2003, Menengai kumefanyiwa majaribio ya kuchemshia maziwa, na Eburru watu wamezoea kuupoza mvuke ili wapate maji ya kunywa.

Huko Iceland wamekwenda mbali zaidi. Takriban nyumba tisa kati ya kumi hupashwa joto kwa maji ya moto kutoka ardhini, yakipitia mabombani mtaa kwa mtaa. Kwa nini basi tusivute bomba kutoka Menengai hadi mtaa wa Milimani? Kwa sababu usiku wa Julai hapa Nakuru, hata ukituuma, hushuka hadi kama nyuzi 10 tu, na blanketi la pili humaliza kesi. Bomba la kilomita kadhaa kwa kazi ya blanketi ni hasara tupu. Kiwanda cha maziwa au cha kukausha nafaka ni hadithi tofauti, maana hicho kinahitaji moto kila siku ya mwaka.

Jambo la pili, lile la Uswidi, halihitaji volkano. Linahitaji udongo wa kawaida na mashine iitwayo pampu ya joto.

Kwanza udongo. Ukichimba mita kumi hivi au kumi na tano, jua la mchana na baridi ya usiku havifiki tena. Joto la hapo husimama palepale mwaka mzima, karibu sawa na wastani wa joto la hewa la eneo hilo: Nakuru nyuzi kama 18, Kisumu kama 23 au 24, kusini mwa Uswidi kama 7 au 8. Kwenda chini zaidi hakuongezi mengi. Katika ardhi ya kawaida joto hupanda nyuzi 25 hadi 30 kwa kilomita nzima, kwa hiyo shimo la mita mia ni nyongeza ya nyuzi tatu tu.

Sasa pampu. Nenda duka lolote la Kondele, Kisumu, saa nane mchana, upitishe mkono nyuma ya friji ya soda. Utakutana na hewa ya moto. Sehemu kubwa ya joto hilo lilikuwa ndani ya chupa. Gesi ya friji imelibeba, kompresa ikaikandamiza gesi hiyo mpaka ikawa moto, joto likatupwa nje. Pampu ya joto ni friji hiyohiyo, ila mahali pa chupa za soda pana ardhi. Huichota ardhi ya nyuzi 7 joto lake na kulimwaga sebuleni. Ukigeuza mzunguko, sebule inakuwa ndiyo chupa, na joto linatupwa shimoni. Stima hapa ni hamali tu. Shawa ya umeme hukupa yuniti moja ya joto kwa yuniti moja ya stima. Pampu hii hukupa tatu hadi nne.

Uchimbaji wenyewe hufanywa na lori la aina ile inayochimba visima vya maji, kwa kina cha mita 60 hadi 150. Bomba la plastiki lililokunjwa chini hushushwa, liende na kurudi, kisha nafasi iliyobaki hujazwa udongo wa bentonaiti uliokorogwa. Fundi asiyejua maana yake ataona ni hatua ya kurukwa. Ujazo huo ndio unaopitisha joto kati ya bomba na mwamba, na ndio unaozuia maji ya tabaka moja kuvujia tabaka lingine. Sisi wa Nakuru, ambao floraidi ya visima imetuachia wengi madoa ya kahawia kwenye meno, tuna kila sababu ya kuisimamia hatua hiyo. Nyumba ya kawaida hutosheka na shimo moja au mawili. Chuo cha Ball State, jimbo la Indiana nchini Marekani, kilihitaji mashimo yapatayo 3,600 kwa majengo yake.

Faida yote hutoka kwenye tofauti ya hewa na ardhi. Msweden ana hewa ya nyuzi 15 chini ya sufuri na ardhi ya 7. Kisumu mchana ina hewa ya 30 na ardhi ya 24. Pengo ni dogo, na gharama ya kuchimba haipungui kwa sababu hiyo. Tena kuna tatizo jingine: Uswidi huchota joto majira ya baridi na wengine hulirudisha kiangazi. Kisumu ni kupoza mwaka mzima, kwa hiyo kila siku ardhi inamwagiwa joto lisilorudi, na miaka ikipita shimo lenyewe linapata homa. Ziwa nalo si mkombozi: Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, maji yake ni vuguvugu, na gugumaji lingesakama kwenye mabomba.

Kwa nyumba ya familia, basi, naona sola ya paani ya kuchemshia maji inaishinda pampu hii bila jasho. Hesabu hubadilika kwenye hoteli au hospitali inayopoza vyumba na kuchemsha maji saa zilezile: joto linalotolewa vyumbani hupelekwa bafuni na kwenye dobi, ardhi ikapokea masalio tu. Hapo ndipo pa kumwita mchimbaji, tena kwa shimo moja kwanza. Maji yaliyopashwa moto huzungushwa humo kwa siku mbili tatu mfululizo, huku yakipimwa yanapoingia na yanapotoka, ili ijulikane mwamba wa hapo unameza joto kwa kasi gani na ni mashimo mangapi yatakayohitajika.