Kilimo rejeshi ni nini, na ng'ombe anahusikaje?

Kilimo rejeshi ni namna ya kulima na kufuga ambayo hupimwa kwanza kwa hali ya udongo baada ya mavuno, ndipo yahesabiwe magunia. Ukivuna vizuri huku udongo ukibaki mgumu na mtupu kuliko ulivyoukuta, hujarejesha kitu. Jina hili lilienezwa miaka ya 1980 na Robert Rodale, mchapishaji wa Pennsylvania, Marekani, aliyeona kwamba ardhi iliyokwisha kuchoka haisaidiwi kwa kuacha tu kuiharibu zaidi. Wengi hulichanganya na kilimo hai. Kilimo hai huuliza umetumia nini shambani: mbolea ya chumvichumvi, dawa za viwandani, mbegu gani. Kilimo rejeshi huuliza udongo umebadilikaje. Hakina cheti kimoja kinachokubaliwa na wote, kwa hiyo usishangae kuona kampuni kubwa zikilibandika jina hilo kwenye pakiti bila kueleza lolote.

Udongo wenyewe unaweza kuupima nyumbani. Chukua bonge kavu la udongo wa shambani, kubwa kiasi cha yai, na jingine kutoka ukingoni ambako jembe halijapita kwa miaka mingi. Yatumbukize polepole, kila moja kwenye glasi yake ya maji. La shambani, hasa palipolimwa kwa trekta miaka nenda miaka rudi, mara nyingi humumunyuka mbele ya macho yako na kuacha tope chini ya glasi. Lile la ukingoni hutoa vipovu, kisha likatulia likiwa bonge vilevile. Linashikwa na nyuzi za kuvu, vinyweleo vya mizizi na ute wa bakteria. Pale ambapo ute huo umekwisha, matone ya mvua huvunja udongo kuwa unga, unga unaziba vitundu, juu panaganda ukoko, na mvua ya pili inatiririkia korongoni badala ya kuzama. Mkulima atasema mvua imekuwa haba, kumbe imenyesha ila haikuingia ardhini.

Viumbe hao wa udongoni hulishwa na mmea ulio hai. Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na sehemu ya sukari hiyo hutoka kwenye mizizi kuwafikia bakteria na kuvu. Ndiyo maana karibu kila anayefundisha kilimo rejeshi atakuambia ufunike udongo, upunguze kuutifua, uchanganye mazao na uache mizizi hai ardhini muda mrefu kadiri inavyowezekana. Hayo hayana ubishi mkubwa. Ubishi unaanza mifugo inapotajwa.

Tumezoea kusema ardhi imeharibika kwa sababu ng'ombe ni wengi. Mfaransa André Voisin, mfugaji na mtaalamu wa biokemia huko Normandy, alichunguza ng'ombe wake malishoni na katika miaka ya 1950 akaeleza kwamba kinachoua nyasi zaidi ni muda. Ng'ombe akikata shina leo, mmea hutumia akiba yake kuchipua tena. Chipukizi ni laini na tamu, kwa hiyo kama ng'ombe bado yupo palepale, siku chache baadaye atalifuata hilohilo na kuyaacha makavu ya pembeni. Likikatwa tena kabla halijarudisha akiba, mizizi inafupika, na baada ya misimu michache unabaki na udongo mtupu na magugu yasiyoliwa. Hata ng'ombe wawili wanaokaa mahali pamoja mwaka mzima wanaweza kufanya hivyo. Kundi kubwa linalopita siku moja, likaacha mavi, mkojo na nyasi zilizokanyagwa, kisha lisirudi mpaka nyasi zipone, linaweza kupaacha pazuri.

Allan Savory, mwanaikolojia wa Zimbabwe, aliichukua hoja hiyo mbali zaidi, akidai kwamba mifugo mingi ikihamishwa kwa mpango inaweza kurudisha hata ardhi iliyogeuka jangwa. Wanasayansi hawakumwacha. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2008 hayakuona malisho ya mzunguko, yaani ya kuhamisha ng'ombe kipande hadi kipande, yakizidi yale ya kuwaacha mahali pamoja, si kwa wingi wa nyasi wala kwa uzito wa mifugo. Watetezi walijibu kwamba mengi ya majaribio hayo yalihamisha ng'ombe kwa kalenda, iwe mvua imenyesha au haikunyesha. Malisho nyumbufu, wanasema, ni yale ambayo mfugaji anatazama nyasi kwanza: zikikua haraka anazunguka haraka, zikisimama kukua anarefusha mapumziko, na ukame ukija anauza mapema. Naona jibu hilo lina uzito, ingawa linafanya mbinu yenyewe iwe ngumu kupimwa. Lakini madai kwamba ng'ombe wataiondoa hewani hewa ukaa yote kwa njia hii siyaamini. Udongo una kikomo cha kaboni unachoweza kubeba, na ng'ombe anaendelea kucheua methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto.

Huku kwetu mfano ninaouona wa maana ni ngitili ya Wasukuma. Ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, malisho ya nje yanapokwisha, wakitangulizwa ndama, maksai na ng'ombe wa maziwa wasioweza kwenda mbali. Wamasai nao wana olopololi karibu na boma kwa kazi kama hiyo. Ngitili zilikuwa zimekaribia kutoweka Shinyanga baada ya miti kufyekwa kupambana na mbung'o enzi za ukoloni, mashamba ya pamba kupanuka na watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000. Wataalamu walisaidia, ila sheria za nani aingie na lini zilipangwa na wanakijiji kwenye dagashida, yaani mkutano wao wa jadi, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakazisimamia.

Kondoa, mkoani Dodoma, ilipita njia nyingine. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo kama 90,000 iondolewe kwenye eneo lililomomonyoka sana. Nyasi na miti vilirudi, hilo halina shaka, lakini familia zilipoteza maziwa, samadi na maksai kwa mkupuo. Ng'ombe wa maziwa walikuja kuruhusiwa baadaye kwa masharti ya kufungiwa bandani na kukatiwa majani.

Ngitili nazo hazijakamilika. Nyingine zimegawanywa kwa urithi hadi kubaki vipande visivyotosha kundi la siku chache, na nyingine hukodishwa kiangazi. Aliyelipa fedha yake anataka ng'ombe wake washibe, na nyasi zikibaki urefu wa kidole bado hajawatoa.