Mlio masikioni na afya ya akili: kwa nini mmoja anauzoea na mwingine unamkosesha usingizi

Kusikia mlio, mvumo au mluzi masikioni au kichwani, ilhali hakuna sauti yoyote inayotoka nje, ndiyo hali ambayo madaktari huiita tinitasi. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa takribani asilimia 14 ya watu wazima duniani wamewahi kuipata, na kama asilimia 2 wanaishi nayo ikiwa kali. Kwa nini wengi wanausikia mlio na kuendelea na shughuli zao, huku wachache wakiteseka kiasi hicho? Sehemu kubwa ya jibu iko katika afya ya akili, na ndiyo sehemu inayozungumzwa kidogo zaidi mgonjwa anapofika kliniki.

Vipimo havikuonyesha kitu. Je, mlio huu nauwazia tu?

Hapana, unausikia kweli. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo zinazogeuza mitikisiko ya sauti kuwa ishara zinazopelekwa kwenye ubongo. Makelele ya miaka mingi, umri, maambukizi na baadhi ya dawa huziharibu seli hizo. Ishara zikipungua, ubongo hujiongezea usikivu ili kufidia zilizopotea. Hapo huanza kuunasa hata msisimko mdogo wa mishipa ya fahamu, ambao kwa kawaida ungepita kimya, na kuuchukua kuwa sauti. Ndivyo wataalamu wengi wanavyoueleza mlio leo. Uharibifu wenyewe unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba kipimo cha kawaida cha kusikia hakiuoni.

Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri kwenye chumba kisichopitisha sauti, wakawaomba waeleze wanachosikia. Asilimia 94 hivi walitaja mvumo, mlio au sauti nyingine. Kwa hiyo kuwa na sauti ya ndani si dalili ya kuchanganyikiwa. Anayekuambia “ni akilini mwako tu” anakukosea, na mbaya zaidi anakufunga mdomo usiseme tena.

Basi kama ni wa kweli, si ina maana wanaoteseka zaidi ndio wenye mlio mkubwa zaidi?

Wengi hudhani hivyo, lakini vipimo vinakataa. Mtaalamu wa usikivu anaweza kukuchezea sauti kwenye visikilizio na kuipandisha polepole mpaka useme, “hapo, inalingana na mlio wangu.” Kwa watu wengi, sauti inayolingana huwa imezidi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu ile sauti ndogo kabisa wanayoweza kuisikia. Tena kiwango hicho hakitabiri vizuri nani anateseka. Watu wawili wanaweza kupata kipimo kilekile, mmoja akawa analala fofofo na mwingine ameacha kazi. Kinachoendana zaidi na mateso ni wasiwasi, sonona, ukosefu wa usingizi, na kile ambacho mtu anaamini kuhusu mlio wake.

Ubongo hauzipangi sauti kwa ukubwa bali kwa maana. Mama mwenye mtoto mchanga hulala mvua ikimwagika usiku kucha, lakini mtoto akiguna kidogo tu ameshaamka. Mwaka 1990 mtafiti wa usikivu Pawel Jastreboff aliutumia mwelekeo huohuo kueleza mlio masikioni: ukipokelewa kama sauti isiyo na maana, ubongo huacha kuushughulikia. Ukipokelewa kama hatari, sehemu za ubongo zinazohusika na hofu zinawaka, homoni za tahadhari zinamwagika, moyo unaenda mbio, misuli ya shingo na taya inakaza. Mwili ukiwa katika hali hiyo masikio husikiliza kwa makini zaidi, mlio unasikika zaidi, na hofu inapata sababu mpya.

Angalia ni lini hofu hiyo huingia. Mara nyingi ni siku za mwanzo kabisa, mtu anaposoma mtandaoni kwamba hakuna dawa, au anapoambiwa kwa haraka “utaishi nayo hivyohivyo” na mlango kufungwa. Sentensi moja ya kliniki inaweza kumtia mgonjwa hofu ya miezi. Naona lingekuwa jambo la haki kila mgonjwa aambiwe pia upande wa pili, ambao ni kweli vilevile: wengi huuzoea.

Kipi hutangulia, sonona au mlio?

Chochote kinaweza kutangulia. Wapo waliokuwa na wasiwasi au sonona miaka mingi, mlio ukaja na kukuta akili imeshachoka. Wapo waliokuwa wazima kabisa mpaka miezi ya kukosa usingizi ilipowavunja nguvu. Na wapo ambao mlio ulianza wakati uleule wa msiba, talaka au kufukuzwa kazi, kiasi kwamba kuvitenganisha ni kazi bure.

Kosa linalowachelewesha wengi kupata msaada ni kuuhesabia mlio kila kitu. Mtu amepoteza hamu ya chakula, hacheki tena, anajiona hana thamani, anaamka alfajiri akiwa mchovu kuliko alivyolala, na jibu lake ni moja: “Mlio ukiisha nitakuwa sawa.” Kama huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda kumedumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inahitaji kuchunguzwa kama sonona, mlio uwepo usiwepo. Sonona inatibika. Ikitibiwa, mlio ambao haujapungua hata desibeli moja unaweza kuanza kubebeka.

Kuna dodoso la maswali 25 lililotolewa mwaka 1996 na ambalo bado linatumika sana, lenye alama kuanzia 0 hadi 100. Maswali yake mengi hayahusu sikio: unapata shida kulala? Unakasirika? Umekata tamaa? Unashindwa kufurahia kuwa na watu? Kama hakuna aliyewahi kukuuliza hayo, yataje mwenyewe unapofika kwa daktari.

Mchana nahimili. Kwa nini usiku unanizidi?

Mchana mlio una washindani: magari, mazungumzo, kazi. Usiku washindani wameondoka na akili haina pa kushika. Wengi mtalitambua hili: ni saa nane, umegeukia upande wa ukuta, unaziba sikio kwa mto ili uhakikishe kama bado upo. Upo. Unageuka, unapima sikio la pili. Unaangalia simu, unahesabu saa zilizobaki kabla ya kuamka, unaiona kesho imeshaharibika. Huko kupima na kuhesabu ndiko kunakoukesha ubongo, kwa sababu kila unapoukagua mlio unauambia ubongo kwamba ni jambo muhimu.

Usilale katika kimya kabisa. Feni, redio ya chini sana au sauti ya mvua iliyorekodiwa inatosha, lakini iwe chini kidogo ya mlio. Ukiufunika kabisa, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea, na sauti ya nje ikizimika unaruka tena. Saa igeuzie ukutani. Amka wakati uleule kila siku hata kama umelala vibaya. Ukikaa macho muda mrefu, toka kitandani, fanya kitu tulivu kwenye mwanga hafifu, urudi ukisinzia. Pombe humlaza mtu haraka lakini huukata usingizi katikati ya usiku, na hapo ndipo mlio unakungoja.

Vizibo vya masikio ni vya mahali penye makelele makali. Anayevivaa siku nzima kwa hofu huishia na masikio yanayoumizwa hata na kugongana kwa vijiko.

Wanasema kuna tiba ya kuzungumza. Kuzungumza kutaondoaje sauti?

Hakutaiondoa, na mtaalamu mkweli atakuambia hivyo siku ya kwanza. Kinachokusudiwa ni kupunguza mateso. Tiba yenyewe inalenga fikra na mienendo, na wengi huifahamu kwa kifupi chake, CBT. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 28 zenye washiriki zaidi ya 2,700, yakaona inaweza kupunguza athari za mlio katika maisha ya mtu. Uingereza, katika mwongozo wake wa kitaifa wa mwaka huohuo, imeiweka miongoni mwa hatua za kuwapa wanaosumbuliwa, kwa njia ya mtandao, vikundi au mtu mmojammoja.

Kwa vitendo iko hivi. Unaandika wazo kama lilivyokuja: “Mlio umepanda leo, unaendelea kuharibu masikio yangu, baada ya mwaka nitakuwa kiziwi.” Mtaalamu hakukatalii. Anakuuliza una ushahidi gani. Jana ulikuwaje? Ulilala saa ngapi? Ulikuwa na ugomvi na mtu? Vipimo viwili vya kusikia vya miezi tofauti vilionyesha nini? Mnapofika mwisho, wazo limebadilika kuwa kama hili: “Mlio hupanda nikiwa nimechoka, na usikivu wangu haujashuka.” Ni sentensi ya kawaida kabisa, lakini haiuamshi moyo saa nane usiku.

Sehemu ya pili ni ya mienendo. Unaorodhesha ulivyoviacha kwa sababu ya mlio, kama ibada, harusi au kusoma kitabu, kisha unarudi kwenye kimoja, kwa muda mfupi, ukiwa na mlio wako. Hii ndiyo sehemu ngumu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Zipo pia tiba zinazofundisha kuutazama mlio bila kupambana nao, na kwa baadhi ya watu hizo huingia vizuri zaidi.

Na dawa?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuondoa mlio. Mwongozo wa Marekani wa madaktari wa masikio, pua na koo wa mwaka 2014 ulishauri wagonjwa wasiandikiwe virutubisho kama ginko na zinki kwa ajili ya mlio, na ule wa Uingereza wa mwaka 2020 ukaikataa betahistini, dawa ya kizunguzungu. Anayekuuzia chupa ya “kumaliza kabisa” anauza matumaini.

Dawa za sonona na wasiwasi ni habari nyingine: hizo zinatibu sonona na wasiwasi, na kama unavyo, unazihitaji kama mgonjwa mwingine yeyote. Ukihisi mlio umebadilika baada ya kuanza, rudi kwa aliyekuandikia, usiziache ghafla. Dawa za kutuliza za kundi la diazepamu zinaweza kumfanya mtu awe tegemezi, na kuziacha kwa pupa huweza kuuchochea mlio. Mwambie daktari kila dawa unayotumia, maana aspirini ya dozi kubwa, kwinini, gentamisini (antibiotiki) na sisplatini (dawa ya saratani) zinajulikana kuathiri masikio.

Kama usikivu umepungua, kifaa cha kusaidia kusikia huwapunguzia wengi mzigo. Sauti za nje zinarudi, na uchovu wa kukazana kusikiliza unashuka.

Nimeanza kukwepa watu. Ni vibaya?

Inaeleweka, lakini inakugharimu. Mwaka 1801 mwanamuziki Beethoven alimwandikia rafiki yake Wegeler, aliyekuwa daktari, kwamba masikio yanavuma usiku na mchana, na kwamba kwa muda wa miaka miwili alikuwa akikwepa mikusanyiko kwa kuwa hakuweza kuwaambia watu kuwa hasikii. Aibu hiyohiyo ndiyo inayowafungia watu ndani hadi leo. Ndani ni kimya, kwenye kimya mlio unatawala. Mchague mtu mmoja umweleze unachosikia, na mnapokutana kaeni mahali pasipo na kelele nyingi.

Ndugu wa mgonjwa nao wasimuulize kila asubuhi, “bado unausikia?” Swali hilo linamrudisha kwenye kuupima. Muulize amelalaje, kisha mtoke pamoja.

Ni lini nisisubiri?

Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni dharura. Matibabu hufaa zaidi yakianza mapema. Nenda haraka pia kama mlio umekuja na kulegea kwa uso, kizunguzungu kikali au baada ya kuumia kichwa. Mlio wa sikio moja tu, au unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, unahitaji uchunguzi hata kama haukusumbui.

Na kama umefika mahali pa kuwaza kujidhuru au kuona heri ufe, mwambie mtu leo, usibaki peke yako, na nenda hospitali iliyo karibu. Wazo hilo huja pale usingizi, sonona na mlio vinapokutana, na linaweza kupungua sana vikishughulikiwa.

Nilikuwa nimeshauzoea, sasa umerudi kwa nguvu. Nimerudi mwanzo?

Mara nyingi sivyo. Mlio hupanda na kushuka, hasa wakati wa homa, mtihani, safari au ugomvi, na ubongo uliowahi kuuzoea kwa kawaida huuzoea tena kwa muda mfupi zaidi. Anza na usingizi, rudisha sauti ya chini usiku, na usijiondoe kwenye shughuli ulizokuwa umezirudia. Ukiona haushuki baada ya wiki kadhaa, au unahisi kusikia kwenyewe kumepungua, rudi upimwe masikio upya, na katika safari hiyohiyo umweleze daktari moyo wako ukoje.