Mtoto akiweweseka usiku, usimuulize amemwona nani

Wiki hii yamejirudia. Mama amekuja kliniki na mtoto wa darasa la kwanza, shangazi mtu amewasindikiza, na hata hawajakaa vizuri shangazi ameshaanza: "Daktari, anayemtesa tumeshamjua. Mtoto mwenyewe kamtaja." Aliyetajwa ni bibi jirani, muuza vitumbua.

Nikaomba nisimuliwe mtoto alimtajaje. Kila usiku, saa moja na nusu hivi baada ya kulala, anakurupuka na kukaa kitandani, macho yamemtoka, jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio, anapiga yowe. Wakimwita hasikii. Mama akimkumbatia anamsukuma kama hamjui. Basi wanamtikisa, wanawasha taa, wanammwagia maji usoni mpaka azinduke, kisha maswali yanaanza. Umeona nini? Umemwona nani? Mwanamke? Mzee? Ni bibi fulani? Usiku wa nne mtoto akasema ndiyo, akaachwa alale.

Nikiwa na mahali pa kupandia na kipaza sauti ningelitangaza hili soko zima: mtoto huyo hakumwona mtu. Kuweweseka kwa aina hii hutokea katika usingizi mzito, ule unaojaa theluthi ya kwanza ya usiku. Sehemu ya ubongo inayoendesha woga na mbio za moyo imeamka ghafla, ile inayotambua watu na kutunza kumbukumbu bado imelala. Ndiyo maana asubuhi mtoto anakunywa uji wake na kushangaa kwa nini nyumba nzima ina macho mekundu. Mtu mzima anaweza kubaki na kipande, labda ukuta unaanguka, labda moshi, lakini hadithi yenye jina la mtu ndani yake ni nadra sana. Jina hilo limetoka kwenye swali. Mtoto aliyeamshwa kwa maji ya baridi na kuzungukwa na watu wazima watano atakubali chochote ili arudi kulala. Na tusijifanye hatujui mambo haya yanaishia wapi: Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni. Jina lililotajwa na mtoto usiku wa manane ni hatari kubwa kuliko yowe lenyewe.

Ndoto mbaya ni kitu kingine. Hiyo huja zaidi kuelekea alfajiri, katika usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope. Watafiti Aserinsky na Kleitman waliueleza usingizi huo mwaka 1953 huko Chicago. Aliyeota ndoto mbaya anaamka mwenyewe, anakutambua, anakusimulia, anataka kukumbatiwa. Ili kuzitofautisha huna haja ya mashine wala mganga, tazama saa ya ukutani.

Sasa huyu wetu kimemsibu nini? Familia imehamia mtaa mpya, baba kapata kazi mkoani, na mtoto anaamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi gari la shule. Nimeuliza analala saa ngapi. Saa nne, baada ya tamthilia. Mtoto wa umri huo anahitaji angalau saa tisa za usingizi, naye anapata saba, juu yake kuna hofu ya mazingira mageni. Mwili uliopunjwa usingizi hulipiza kwa kuzama zaidi, na msongo unaugutusha ukiwa bado huko chini. Bibi wa vitumbua hahusiki. Gari la shule linahusika.

Akianza, usimwamshe. Kumwamsha hakumuui, kama wengine wanavyoamini, ila kunarefusha kelele, na unaweza kula kofi. Kaa karibu, sema naye kwa sauti ya chini, zuia asianguke wala asitoke nje. Kama analala kitanda cha juu, mshushe. Dakika chache tu atajilaza mwenyewe. Asubuhi usimhoji. Mlalishe mapema. Ikiwa bado anaendelea, andika kwa wiki moja saa anayokurupuka. Kama ni saa tano na nusu kila usiku, nenda saa tano na robo umguse taratibu hadi ajigeuze au agune, kisha mwache alale. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili hadi nne. Ushauri huu wengi wanaudharau kwa sababu ni wa bure.

Mengine ninayoyasikia kwa watu nayapitia haraka.

"Mume wangu anapiga kelele usingizini, ana siri." Ana mkopo wa kausha damu, mama, na hilo unalijua. Maneno ya usingizini si ungamo. Acha kuyategea sikio.

"Jinamizi limenikaba, ni jini." Umeamka kichwani kabla mwili haujafunguliwa. Katika usingizi wa ndoto misuli hulegezwa ili usirushe ngumi unazoota, na safari hii kufuli limechelewa kutoka. Unahisi uzito kifuani, na unahisi kama kuna mtu chumbani. Kulala chali na kukosa usingizi huzidisha. Wazee wa Unguja na Pemba wanakumbuka mwaka 1995, watu walivyolala nje kwa makundi wakimhofia shetani aitwaye Popobawa. Sikiliza masimulizi ya waliodai kukabwa, mengi yanafanana na haya neno kwa neno. Ukitaka soma Ayatul Kursi au Zaburi, sikukatazi. Halafu lala kiubavu, na jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu badala ya kupambana na mwili mzima.

"Meza Piriton." Hiyo ni dawa ya mzio. Inakulaza kwa siku chache, mwili unaizoea, na asubuhi unakwenda kazini kama umepigwa rungu.

"Bia mbili za kulalia." Zinakulaza, kweli. Kisha nusu ya pili ya usiku usingizi unakatikakatika na ndoto zinarudi kwa fujo.

"Nimeanza ARV, naota ndoto za ajabu, nimerogwa." ARV iitwayo efavirenz ilijulikana kwa ndoto hizo, na hata nyingine, dolutegravir, huwanyima wengine usingizi. Usiache dawa hata siku moja. Waambie kliniki, mara nyingine kuhamishia asubuhi kunatosha.

Kwa watu wazima wenye mawazo nina dawa yangu moja, wanaonijua wameichoka: daftari la saa kumi na mbili jioni. Kaa nje na kikombe cha chai, tena cha mwisho kwa siku hiyo, andika kila kinachokusumbua na hatua moja ya kesho kwa kila kimoja. Deni la shilingi laki tatu kwenye karatasi lina mwisho. Likiwa kichwani saa nane usiku halina. Kama kuna ndoto mbaya inayojirudia, iandike mchana ubadilishe mwisho wake utakavyo, kisha upitie toleo jipya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini ni tiba inayotumika hata kwa walionusurika vita.

Njoo utuone kama mshtuko unajirudia mara nyingi kwa usiku mmoja kwa miondoko ileile, kama mtu anajing'ata ulimi au kujikojolea, kama anakoroma na pumzi kukata, au kama ni mzee aliyevuka miaka 50 ambaye ghafla ameanza kurusha mateke alfajiri akifuata ndoto. Mnaolala naye chumba kimoja, mrekodini kwa simu na mje na hiyo video. Majina ya majirani yaacheni nyumbani.