Nafasi ya juu ikitangazwa hapo hapo kazini, usiombe kama mwenyeji

Nafasi ya juu ikitangazwa ndani ya kampuni, wafanyakazi wa humo huingia kwenye usaili na ujasiri ambao wageni hawana, na mara nyingi ujasiri huo ndio unaowaponza. Wanaamini mcheza kwao hutunzwa. Kazi yangu ni masuala ya wafanyakazi, na nimekaa upande wa pili wa meza hapa Mombasa katika kampuni za uwakala wa forodha, yadi za kontena za Changamwe na Miritini, hata hoteli za Nyali. Jopo halikutunzi kwa kukujua. Linakupa alama kwa ulichosema mbele yake.

Kila mjumbe huwa na fomu yenye maswali, alama, na nafasi finyu ya kuandika sababu ya alama hizo. Mara nyingi mjumbe mmoja ametoka makao makuu Nairobi au idara nyingine, hajawahi kukutia machoni. Sasa mwombaji wa ndani anaulizwa jinsi alivyowahi kutuliza mteja aliyekasirika, naye anajibu, "Ah, lile la kontena za mchele si nyote mnalijua?" Watu wanacheka. Kwenye fomu hakuna cha kuandika. Anaingia mgeni mwenye kisa kidogo kuliko hicho, anakieleza hatua kwa hatua: mzigo ulikwama wapi, siku za kuweka mzigo bure bandarini zilibaki ngapi, alimpigia nani, mteja aliepuka gharama gani za kuhifadhi mzigo. Fomu inajaa. Ukijisikia unasema "kama mnavyojua", nyamaza, vuta pumzi, uanze upya kama unayeongea na mtu aliyeshuka SGR asubuhi hiyo.

Kujulikana kuna ubaya mwingine. Unajulikana kwa kazi unayoifanya sasa. Karani wa nyaraka asiyekosea hata tarakimu moja anapewa sifa zote za ukarani, na sifa hizo hazijibu swali la jopo, ambalo ni kama ataweza kuwagawia kazi makarani wanane na kumkemea rafiki yake anayechelewa. Ndiyo maana barua nyingi za ndani hazinisaidii kumtetea mtu. "Nimeitumikia kampuni hii kwa miaka tisa kwa uaminifu na bidii." Sawa, ahsante, lakini hata mlinzi wa getini anaweza kuandika hivyo. Linganisha na hii: "Msimamizi alipokuwa likizoni Agosti, nilipanga zamu za makarani na kila jioni nilipitia faili ambazo hazijalipiwa ushuru kabla ya kufunga ofisi." Sentensi hiyo tayari inazungumzia kiti cha juu. Kama huna ya kuandika namna hiyo, anza kuitafuta leo: omba kushika zamu bosi akisafiri, omba umfundishe mgeni wa idara. La pili lina faida yake ya siri. Mtu asiye na wa kumrithi huachwa palepale alipo, kwa sababu meneja anaogopa pengo. Sijawahi kuona kumbukumbu za kikao zikiandika hivyo, ila nimeyasikia yakisemwa vikao vingi.

Kisha mwambie bosi wako kabla hujatuma barua. Mombasa ni ndogo. Habari ikitoka ofisi ya wafanyakazi saa nne, chai na mahamri hazijaisha tayari iko yadi nzima, na hakuna msimamizi anayependa kusikia mambo ya mtu wake kwa madereva. Mfuate mapema, simu hazijaanza kulia: "Mzee, ile nafasi ya msimamizi wa ghala imetangazwa, nataka kuomba. Nimeona usikie kwangu kwanza." Kisha muulize anakuona umepungukiwa wapi. Jibu lake huenda likakuuma, lakini ni afadhali ulisikie hapo kuliko kulisikia mbele ya jopo, kwani yeye ndiye atakayeulizwa habari zako.

Kuhusu pesa, piga hesabu kabla hujafurahi. Tuseme mshahara unatoka shilingi 80,000 hadi 100,000. Katika zile 20,000, bima ya afya ya SHIF inachukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na kinachobaki kinakatwa kodi ya mapato, PAYE, ya asilimia 30. Mfukoni haifiki 13,500. Hapo bado hujauliza kuhusu ovataimu. Ukiingia ngazi ya umeneja, kwa kawaida unatoka kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi, na malipo ya saa za ziada yanakoma. Kwa mtu wa bandarini aliyezoea zamu za usiku na sikukuu, cheo kinaweza kumpunguzia kipato. Sisemi ukatae. Nasema uulize jumla ya malipo, na ovataimu uiweke kwenye mizani.

Ukipewa cheo, dai karatasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aandike mabadiliko ya masharti ya kazi na akujulishe kwa maandishi. Uliza pia kama kuna muda wa majaribio, na swali ambalo karibu kila mtu hulisahau: nikishindwa, narudi kwenye kazi yangu ya zamani au naenda nyumbani? Na ukiambiwa "kaimu kwanza", ombi lako liwe tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho na posho. Kwa watumishi walio chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, sheria ya 2017 inaweka ukomo wa miezi sita. Katika kampuni binafsi ukaimu usio na tarehe unaweza kuzeeka nawe.

Sasa lile ambalo watu hunong'ona nje ya usaili: kazi wamepeana wao kwa wao. Wakati mwingine ni kweli, na kifungu cha 5 cha ile Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi katika kupandisha vyeo, uwe wa kabila, jinsia, dini au ujauzito, na suala likifika mahakamani ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Wakati mwingine pia ni faraja ya mtu aliyejibu vibaya. Kutofautisha, omba maelezo kwa maandishi ndani ya wiki ya kwanza, kwa lugha ya upole, kabla hujamlaumu mtu kwenye matatu ya Likoni.

Wengi wataambiwa tu "wakati wako utafika". Usiondoke na hilo. Uliza ni kitu gani kimoja kilichomfanya mwenzako akuzidi alama, ukiandike, na tathmini ya utendaji ijayo ikija, kiweke kwenye fomu kama lengo lako, bosi atie sahihi chini yake.